Salamu za Odoyo Kila Ijumaa

Ijumaa, 4 Oktoba 1996
Diari hii nimepewa na Hellen, msimamizi wetu wa mawasiliano. Yeye alikuwa nazo mbili. Ameniambia, "Mzee Otuoma, hadithi zako zitapotea bure. Andika." Amesema kweli. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, lakini la nne la wakati wa mkoloni, ambalo siku hizi ni sawa na fomu foo na chenji inabaki. Mwandiko wangu mwalimu aliubandika ukutani.

Nijitambulishe. Mimi ni Otuoma, mzaliwa wa Shirati, mkazi wa Pasiansi hapa Mwanza, yule yule ambaye sangara aliuvuta mtumbwi wake kutoka Kirumba mpaka karibu na Ukerewe na kumrudisha salama. Kiwanda cha pamba kilipouzwa na sisi tukapunguzwa kazi, wenzangu walikaa majumbani wakilia. Mimi nilifuatwa. Niko shirika la misaada, kwenye ghala la jirani na uwanja wa ndege. Kwenye karatasi wameandika mlinzi, lakini kazi yangu hasa ni simu ya setilaiti.

Simu hii haina waya. Ni kama mkoba wa mwanasheria. Ukiifungua, kifuniko ndicho sikio lake. Unakielekeza angani, upande ambako kuna chombo kinachoning'inia juu kuliko ndege zote. Haipendi mabati wala miti, kwa hiyo naibeba mimi hadi juu ya lile jiwe kubwa nyuma ya ghala, halafu Hellen anakizungusha kifuniko taratibu mpaka simu ikubali. Kila Ijumaa anaongea na wenzetu walioko Bukavu, kule Zaire, ambako simu ya kawaida hakuna. Wanamsomea majina ya madereva waliofika salama na unga wa wakimbizi.

Leo jina la Odoyo lilikuwemo. Odoyo ni mtoto wa dada yangu Ajwang. Kazi ya lori nilimwombea mimi. Kijana wa usukani yule, si wa maneno.

Jioni nikapita Kirumba, pale Mwaloni, Ajwang anapouza dagaa.
"Shikamoo dada. Nimeongea na mwanao."
"Marahaba. Amesemaje?"
"Hajambo. Bukavu kuna baridi, anakula vizuri, anakusalimu wewe na mkewe Achola na ng'ombe wake mmoja mmoja kwa majina."
Chenge, anayeuza meza ya pili, akadakia, "Na hiyo simu haikatikati, Mzee?"
"Ikatike wapi! Hujamaliza kuuliza, mtu ameshajibu. Ni kama amekaa hapo kwenye gunia lako."
Ajwang akacheka, akanipimia kopo zima la dagaa.

Ni kweli aliyeongea ni Hellen. Lakini bila jiwe hakuna simu, na jiwe nalipanda mimi.

Ijumaa, 11 Oktoba
Jina lilikuwemo. Nimemwambia Ajwang kwamba Odoyo ameongea dakika tano mfululizo juu ya ubovu wa barabara, mpaka nikamwambia mjomba pumzika. Kopo moja.

Jumatano, 16 Oktoba
Joto. Mvua hakuna.

Ijumaa, 18 Oktoba
Jina halikuwemo, yuko njiani. Mtu aliye njiani ni sawa na aliyefika. Nimempa Ajwang salamu zake kama kawaida, nikaongeza kwamba amenenepa.

Ijumaa, 25 Oktoba
Hellen leo hakunitania. Wale wa Bukavu wamesema bunduki zinasikika upande wa Uvira na watu wanakimbia. Wamesema pia lori la Odoyo lilitoka juzi kupeleka unga kambini, halijarudi.
"Litarudi," nikamwambia Hellen. "Yule namjua mimi."
"Inshallah au Mungu akipenda, chagua moja, Mzee," akasema, "maana mimi sijui niseme lipi."
Mwaloni nilimwambia Ajwang, "Anakusalimu." Nilitafuta la kuongeza sikulipata.

Ijumaa, 1 Novemba
Mvua imeanza, na imeanza kwa hasira. Nilishika turubai juu ya simu huku Hellen akipiga. Akapiga tena. Akazungusha kifuniko, akapiga.
"Inaita?"
"Haiiti. Imezimwa, au imechukuliwa."
Ajwang alikuwa ameshasikia redioni kwamba Bukavu imetekwa. Alinitazama kutoka mbali, tangu naingia sokoni mpaka namfikia. "Amesemaje Odoyo?"
Nikasema laini ilikuwa na watu wengi. Alinipa dagaa. Nilikataa, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe.

Jumatano, 6 Novemba
Wenzetu wa Bukavu wameshuka na ndege hapa Mwanza, wamechoka, mmoja amevaa kandambili za kike. Odoyo hayumo. Wanasema lori lilionekana likiendeshwa na watu wenye silaha, na dereva hakuwa yeye.

Jumamosi, 9 Novemba
Mvua.

Ijumaa, 15 Novemba
Ojuok amekuja kutoka Shirati. Ojuok ni mdogo wa marehemu mume wa Ajwang, ndiye sasa mkubwa wa boma lile ambako Odoyo ana nyumba ya bati na mke na ng'ombe. Alikaa kwangu Pasiansi bila kuvua koti.

"Shemeji," akasema, "watu wameshalia vya kutosha. Mwezi ujao tunazika yago."

Hellen ni Msukuma, jioni ikabidi nimweleze. Yago ni tunda la mti wetu mmoja, refu, zito, kama paja la mtu. Mjaluo akipotea vitani au majini, mwili usipatikane, tunalikata yago, tunalivika sanda, tunalilaza kaburini, tunalia kama tunavyomlilia mtu. Basi amezikwa. Mke wake anakuwa mjane na atapewa ndugu wa kumtunza. Nyumba inahesabiwa ya marehemu.

"Na akirudi mzima?" Hellen akauliza.
"Ndilo hilo," nikamwambia. "Atakuta kaburi lake uani. Aliyezikwa haingii tena kwa mlango wake kama juzi na jana. Hata mama yake mzazi hataruhusiwa kumpokea. Utakuwa umemuua wewe, si vita."

Nimeandika haya kwa sababu Ojuok namjua. Anaitaka ile nyumba ya bati. Na ng'ombe, hasa yule mweusi.

Ijumaa, 22 Novemba
Tunapiga kila mahali, tunauliza madereva wa kila shirika. Hakuna. Ajwang haulizi tena. Ananiangalia tu, nami nanunua dagaa kwa pesa yangu.

Ijumaa, 29 Novemba
Leo naandika polepole.

Asubuhi Hellen alitoka ofisini mbio bila viatu. "Mzee! Leta simu!" Habari zilikuwa zimekuja kwa redio kol kutoka Kigoma: kuna misheni ndani kabisa ya msitu wa Kivu, madaktari wamekwama pale na simu kama yetu, wanaichaji kwa betri ya gari. Wana dereva Mtanzania mgonjwa.

Nikalipanda jiwe mvuani. Hellen akapiga, akaongea Kiingereza na daktari, akawa anaandika kwenye kiganja. Halafu akanipa mkono wa simu. "Ongea naye. Wana betri kidogo, dakika moja."

Mimi, Otuoma, ambaye watu wa Mwaloni huniomba niende nyumbani ili wafunge biashara, nilisema, "Odoyo." Kimya. Nikasema kwa nguvu, "Odoyo!" na papo hapo nikasikia mtu anaanza kusema, tukagongana, akanyamaza. Nikasema, "Haloo, mimi mjomba wako!" Tukagongana tena.

Hellen akanishika bega. "Ngoja, Mzee. Sauti yako inapanda juu kule, inashuka kwake. Yake nayo inapanda, inashuka. Ukishasema, nyamaza ungoje."

Nikangoja. Sijawahi kukaa ndani ya kimya kama kile. Halafu nikasikia, kutoka mbali na karibu kwa pamoja: "M-m-m-mjo..." Dakika ikaisha.

Odoyo ana kigugumizi tangu utotoni. Sijui kwa nini sikuliandika mapema.

Daktari alimwambia Hellen kwamba kijana alitembea msituni majuma na jeraha la risasi mguuni. Mguu umeharibika. Ana homa, lakini anakula. Kuna kiwanja cha nyasi pale, ila kimejaa maji, ndege haiwezi kutua. Kikikauka tu watamtoa.

Nilikwenda Mwaloni kwa miguu, sijui kwa nini sikupanda gari.
"Dada, nimeongea naye."
"Alisemaje?"
"Alisema 'm-m-mjo'. Hakumaliza."
Ajwang akaweka kopo chini, akajifunika uso kwa kanga, akalia mpaka Chenge akaja kumshika. Nilidhani analia kwa sababu nimeisimulia vibaya.

Jumapili, 1 Desemba. Shirati
Nimefika na mvua. Shimo limeshachimbwa upande wa kulia wa nyumba ya Odoyo, wamelifunika kwa mabati. Yago limeshakatwa, liko kibarazani, limelazwa juu ya mkeka kana kwamba lina usingizi. Achola alikuwa amekaa kando yake ananyoosha nguo nyeusi kwa viganja.

Nikasimama mbele ya wanaume nikawaambia: Odoyo yu hai, nimemsikia kwa sikio hili.

Walitazamana. Ojuok akakohoa. "Shemeji, wewe ukisema mvua inanyesha, mimi natoka nje kushika majani."
"Naapa."
"Uliapa pia kuhusu sangara."
Watu wakacheka, hapo msibani. Mmoja akauliza kama Odoyo alikuwa amepanda sangara huyo huyo. Nimechekesha watu maisha yangu yote, lakini leo nilitamani wasicheke. Achola hakucheka. Aliacha kunyoosha zile nguo.

Nikasema, "Ojuok, njoo Mwanza usikie mwenyewe. Ijumaa tutapiga tena."
"Nitakuja," akasema. "Nisipomsikia, narudi nazika, na wewe hutakanyaga hapa."

Ijumaa, 6 Desemba
Tulikuwa wanne juu ya jiwe: Hellen, mimi, Ojuok na koti lake, na Ajwang aliyepanda peku akishikilia nyufa kwa vidole vya miguu kama msichana. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Nilishika turubai kwa mikono miwili.

Hellen akampata daktari, akasema, "Wanampa." Akamkabidhi Ojuok mkono wa simu na kumweleza: sema, halafu ngoja.

Ojuok anaongea kama anachunga ng'ombe ng'ambo ya mto. "Wewe nani? Wewe ni Odoyo? Baba yako aliitwa nani? Eh? Nakuuliza, baba yako aliitwa nani?" Hakungoja. Nami najua sasa kilichokuwa kinatokea upande wa pili. Kijana mgonjwa mwenye kigugumizi, kila akilipata neno kwa taabu na kulileta mdomoni, swali jingine linaanguka juu yake kutoka mbinguni, analimeza, anaanza upya.

Ojuok akautoa mkono wa simu sikioni, akautazama. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Kuna kitu kinanipumulia humu," akasema. "Mtu huyu hayupo. Otuoma, si wewe uliyesema hujamaliza kuuliza ameshajibu? Si ulimwambia kila mtu Kirumba? Nimeuliza mara nne. Walio hai wanajibu wakiitwa. Hiki kinachongoja-ngoja kabla ya kuitika tunakijua, hata mtoto anafundishwa asikiitikie."

Maneno yale yalikuwa yangu, nimeyatembeza soko zima.

"Nipe," Ajwang akasema.

Akakaa chini juu ya jiwe lenye maji, akanyoosha miguu, akavuta kanga kichwani. Akasema taratibu, "Odoyo. Mama yako hapa. Sina haraka."

Akanyamaza. Akamvuta Ojuok kwa ukosi wa koti mpaka akapiga magoti, akauweka mkono wa simu katikati ya masikio yao wawili. Hellen aliangalia saa yake, kisha akaifunika kwa kiganja. Maji yalidondoka kutoka kwenye turubai. Ziwa chini lilikuwa jeupe tupu, huoni lilipoishia. Mimi sikusikia chochote. Niliona uso wa Ojuok tu.

Baadaye aliniambia alichokisikia. Kwanza kimya. Halafu "ma", halafu "ma" tena, mara nyingi, hadi "mama" ikakamilika. Halafu: "Ng-ng'ombe wangu m-mweusi, a-a-amezaa?"

Ojuok akavua kofia mvuani.
"Amezaa," akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Ndama jike. Nilikaa naye zizini mwenyewe, alitanguliza miguu. Wote wazima." Akangoja. Safari hii alingoja. Sijui kilichojibiwa, ila alikuwa anaitikia kwa kichwa, na machozi yalikuwa yanaingia kwenye ndevu. Nilisema mtu huyu anamtaka ng'ombe mweusi. Niliandika hapa kwa mkono wangu.

Wakati wa kushuka nilimpa Ajwang bega.
"Otuoma," akasema, "mwanangu hajawahi kuongea dakika tano mfululizo tangu nimzae."
Miguu iliniteleza kidogo. "Ulijua lini?"
"Ijumaa ile ile ya kwanza. Ulikuwa unaniletea salamu za kijana mwingine, msemaji sana."
"Mbona hukuniambia?"
"Nilikuwa napenda kusikia jina lake likitajwa. Shika vizuri, jiwe linateleza."

Jumatatu, 9 Desemba
Ojuok ametuma neno na dereva wa basi. Shimo amelifukia mwenyewe. Achola amepeleka yago mbali, amelitupa.

Ijumaa, 13 Desemba
Ajwang ameongea naye. Mimi nilibeba simu. Kiwanja bado kina maji.

Ijumaa, 20 Desemba
Ameongea naye. Wakulima wote hapa wanaisifu mvua, wanasema miaka mingi haijanyesha hivi, mahindi yamesimama. Mimi naangalia mawingu yanakoelekea. Yakienda magharibi nayatukana.
Hellen amesema ndege ipo tayari, rubani yupo, kiwanja tu.

Jumatano, 25 Desemba
Krismasi. Nimekula kwa Ajwang. Nilianza hadithi ya kiboko niliyemfunga kwa mkanda wa suruali, nikaiacha katikati. Ajwang akasema, "Endelea." Nikasema nimesahau mwisho.

Ijumaa, 27 Desemba
Leo aliongea daktari. Odoyo alikuwa amelala, hakuamshwa. Ajwang alisema, "Mwekee simu karibu na mdomo wake tu." Akasikiliza anavyopumua mpaka betri ikaisha.

Ijumaa, 3 Januari 1997
Odoyo amefariki juzi.

Jumapili, 5 Januari. Shirati
Nilidhani ningeandika kurasa jana na juzi. Kalamu ilikataa.

Wamemzika huko huko misheni, nyuma ya kanisa. Wameweka msalaba wenye jina lake; Hellen alilitaja herufi moja moja simuni, mara mbili, ili lisikosewe. Mwili hauwezi kuja. Kwa hiyo ni yago.

Ojuok alinipokea njiani, akanishika mkono bila kuuachia. "Shemeji," akasema, "lile la kwanza nililikata mimi, kwa haraka. Hili ulilete wewe mjomba wake."

Nikaenda na panga mpaka kwenye ule mti ulio karibu na kijito. Nilichagua muda mrefu. Nilipanda mwenyewe, nikalikata, nikalishusha kwa kamba ili lisipasuke. Ni zito kuliko nilivyokumbuka. Nikalibeba begani polepole, kama ninavyoibeba simu kulipanda jiwe, nikiogopa kujikwaa. Ajwang alilifunga sanda, Achola akashika upande wa miguu.

Baada ya kuzika, watu walikaa wakanigeukia. Ni desturi yao wote, na yangu: Otuoma atasimulia. Hata waliocheka siku ile walisogeza vigoda.

Nikasimama. Nikasema, "Alijeruhiwa mguu. Alifika misheni. Mama yake aliongea naye. Alitibiwa, mguu ukashinda. Amezikwa nyuma ya kanisa." Nikakaa.
Mzee mmoja akauliza, "Ndiyo yote?"
"Ndiyo yote," Ojuok akajibu kabla yangu. "Mimi nilikuwepo."

Jumatano, 22 Januari
Mvua imekatika. Hellen amesema kile kiwanja cha nyasi kimekauka, jana ndege imetua ikachukua wagonjwa wengine. Aliniambia akiangalia pembeni. Nilimshukuru kwa kuniambia.

Ijumaa, 7 Februari
Jua kali. Ajwang amerudi kutoka Shirati juzi. Asubuhi nililipanda jiwe na simu, Hellen aliongea na watu wa mahali pengine, majina ya madereva wengine. Nilisikiliza kila jina mpaka mwisho.

Jioni nilitaka kupita njia ya nyuma, nisionekane Mwaloni. Miguu ikanipeleka huko huko. Ajwang alikuwa amekaa mahali pake, amenyolewa kichwa, dagaa mbele yake wamepangwa mafungu.

"Shikamoo dada."
"Marahaba." Akanisogezea gunia nikakalia. Akapepea nzi. Akasema, bila kunitazama, "Leo Ijumaa."
"Ndiyo, Ijumaa."
"Amesemaje Odoyo?"

Chenge aliyekuwa anapiga kelele za bei akazima redio yake.

Kinywa changu kilikuwa kimeshajaa maneno, ni mazoea ya miaka hamsini. Kulikuwa na hali ya hewa humo, na chakula, na ng'ombe kwa majina. Niliyameza yote. Nikanyamaza kwanza, kama simu inavyonyamaza, mpaka sauti ipande ishuke. Ajwang alingoja. Yeye anajua kungoja.

Kisha nikaanza. "Ma-ma..." nikasema, nikikwama pale pale anapokwama Odoyo, na dada yangu hakuniharakisha.